Kanisa wakati wa mlipuko: kazi ianzie kwenye jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Baba maaskofu, mapadre, wachungaji, masista, wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama wa umoja wa wanawake, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Tumeombwa tuseme kanisa linawezaje kuihudumia jamii yake ugonjwa wa mlipuko unapoingia. Nitaanza na msimamo wetu, mjue mapema tunakoelekea. Ugonjwa ukitangazwa, vikao vingi vya kanisa humaliza wiki nzima vikibishania ibada ya Jumapili: iwepo, isiwepo, watu wangapi, saa ngapi. Ibada ni saa mbili katika juma lenye saa 168. Mgonjwa, mjane na mtoto wanaishi katika zile saa 166 zinazobaki, na huko kanisa linafika kwa njia ya jumuiya. Kijiji kina mtendaji mmoja na mhudumu wa afya mmoja au wawili. Ninyi mna jumuiya za kaya kumi hadi ishirini, kila moja na mwenyekiti anayejua nani jana hakuwasha moto. Nguvu hiyo ndiyo tunayotaka muipange, na muipange sasa, kabla ya tangazo lolote la Wizara ya Afya.

Kwanza, ulizeni ugonjwa unapita wapi. Tangu UVIKO-19 ya mwaka 2020, watu wetu wengi wanadhani kila mlipuko dawa yake ni barakoa na ndoo ya maji mlangoni. Sivyo. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula na mikono yenye kinyesi. Barakoa haisaidii chochote. Korona hupita hasa kwenye hewa tunayopumua, kwa hiyo dirisha lililofunguliwa lina kazi kubwa kuliko ndoo. Ebola na Marburg hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa, na zaidi sana kwenye maiti. Wenzetu wa Kagera wanaijua hii: Marburg ilitangazwa huko tarehe 21 Machi 2023, ikaisha rasmi tarehe 2 Juni, wagonjwa 9, vifo 6. Mpox hupita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi, kwa hiyo hapo swali linakuwa la kushikana mikono, kukumbatiana na kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Siku ya kwanza, basi, mchungaji au paroko ampigie mganga mkuu wa wilaya au mganga wa zahanati na kumuuliza mambo matatu tu. Unaambukizwaje? Mtu huanza kuambukiza kabla ya dalili au baada? Maiti inaambukiza? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja, yasomwe kwenye kila jumuiya kwa maneno yaleyale. Kwa Tanzania, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Kenya ni 719. Kundi la WhatsApp la kwaya halimo kwenye orodha hii.

Sasa daftari la kaya za jumuiya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu daftari likikosewa kila kinachofuata kinakosewa.

Kila jumuiya iteue watu wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, wenye afya, wasiozidi miaka 55, wasio na kisukari wala pumu. Wagawane kaya. Jumuiya ya kaya 12 inampa kila mmoja kaya sita, ambazo atazipigia simu au kuzipitia mara mbili kwa wiki. Kwenye daftari ziandikwe safu chache: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, wenye umri zaidi ya miaka 60, wajawazito na tarehe ya kujifungua, watoto chini ya miaka mitano, namba ya simu, na tarehe ambayo mtu wa kaya hiyo anatakiwa kuchukua dawa kliniki. Iandikwe tarehe tu. Kosa la kwanza ni kuandika jina la ugonjwa au jina la dawa. Daftari lenye neno "ARV" litasomwa na mtu asiyehusika kabla ya mwezi kwisha, na siku hiyohiyo watu wataacha kuwafungulieni mlango.

Kosa la pili ni kuandika waumini peke yao. Bakteria hawaulizi kadi ya ubatizo. Daftari lifuate nyumba kwa nyumba kama zilivyopangana mtaani: nyumba ya Bwana Juma mwislamu, ya mlokole, ya yule asiyesali popote. Kama kuna msikiti jirani, kaeni na imamu mapema mgawane mitaa, msije mkapeleka unga mara mbili nyumba moja na nyingine ikabaki mikono mitupu.

Kosa la tatu ni wahudumu kuingia ndani. Mazungumzo yafanyike uani, hatua tatu mbali, dakika kumi zinatosha. Anayeugua miongoni mwa wahudumu abaki kwake bila kuulizwa maswali, na pawepo mtu wa akiba kwa kila jumuiya mbili. Na wapeni vocha. Mtu wa kujitolea anayenunua muda wa maongezi kutoka mfukoni mwake ataacha wiki ya tatu, naye hatawaambia kwa nini.

Nije kwenye ibada, maana najua hamtatulia hadi tuiguse.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, nyumba za ibada zikafungwa mwezi huohuo, zikafunguliwa Julai kwa masharti: watu wasiozidi 100, saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Kama hatua ya kupunguza maambukizi, ilieleweka. Lakini hebu fikirieni ni nani waliobaki nyumbani. Ni wazee walewale ambao kwa wengi wao kanisani ndipo mahali pekee wanapoulizwa habari zao. Kanisa lililokuwa na daftari liliweza kuwafikia siku ya Jumatatu. Lisilokuwa nalo liliwakosa kwa miezi.

Ugonjwa ukiwa wa hewa, fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana, kwa kuwa dirisha la upande mmoja halipitishi upepo. Benchi la mita tatu linalokaliwa na watu sita likae watatu, au wanne wa kaya moja. Ibada mbili za dakika 50 zenye mapumziko ya nusu saa milango ikiwa wazi ni salama kuliko moja ya saa tatu. Afadhali zaidi ni chini ya mwembe.

Kuhusu kwaya, najua nagusa kidonda. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya walikutana kwenye ukumbi wa kanisa wakafanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Walikuwa 61. Baadaye 53 waliugua na wawili wakafariki. Walikuwa wamejihadhari: hawakukumbatiana wala kushikana mikono, na dawa ya mikono ilikuwepo. Lakini kuimba kwa sauti ndani ya chumba kilichofungwa kunajaza hewa virusi vingi kuliko mazungumzo ya kawaida. Kwaya ifanye mazoezi nje, watu wachache, dakika 30, au waimbaji wanne waliosimama mbalimbali waimbe kwa niaba ya wote.

Sadaka iende kwa simu au sanduku lisilozungushwa. Ushirika utolewe kwa vikombe vidogo vya mtu mmoja mmoja, au kwa namna ambayo kanisa lenu linaruhusu pasipo midomo mingi kugusa kikombe kimoja. Hayo mnayajua.

La kunawa mikono ndilo wengi hawapigi hesabu. Kunawa vizuri, yaani kulowesha, kusugua kwa sabuni sekunde 20 na kusuuza, huchukua kama sekunde 40. Watu 300 kwenye koki moja ni sekunde 12,000, yaani saa tatu na dakika 20. Ndiyo maana watu hugusa maji kidogo na kupita, halafu tunawaita wakaidi. Mkiweka koki sita, foleni inakwisha kwa dakika 33 hivi. Kila mtu akitumia nusu lita, mnahitaji lita 150, ambazo ni ndoo nane za lita 20. Teueni wa kuzijaza, maana ndoo ya kanisa huwa imekauka ifikapo saa tatu asubuhi. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha: kidumu cha lita tano kilichotobolewa kwa msumari karibu na juu, kikaning'inizwa kwenye mti, na kamba inayovutwa kwa mguu ili mikono isikiguse. Sabuni ya kipande itobolewe ifungwe kamba, isiibiwe.

Jiki ya madukani mara nyingi ina klorini asilimia 3.5, someni lebo. Kwa sakafu au choo chenye matapishi au kinyesi, changanyeni kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji, mpate asilimia 0.5, kisha muache kwa dakika kumi kabla ya kufuta. Mchanganyiko huu si wa mikono, wala si wa kumpulizia mtu. Yale mageti ya kupulizia watu dawa mlangoni yaliyoonekana mwaka 2020 yaliwasha macho na mapafu tu, hayakuua virusi vilivyo ndani ya mtu. Msichanganye jiki na dawa nyingine ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Na mchanganyiko wa jana umepungua nguvu. Tengenezeni mpya kila asubuhi.

Chakula sasa. Mtu mzima na mtoto kwa wastani wanahitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku. Ukipima kwa unga gramu 400, maharage 60 na mafuta 25 unakaribia hapo. Kwa kaya ya watu watano iliyowekwa karantini siku 14, hesabu inakuja hivi: unga kilo 28, maharage kilo nne na robo, mafuta lita mbili, chumvi nusu kilo. Ongezeni sabuni, na ongezeni mkaa. Mkaa husahaulika karibu kila mahali. Maharage makavu huchemka saa mbili au zaidi, na mama aliyefungiwa ndani bila mkaa atatoka kwenda kuutafuta, karantini ikaishia hapo. Kama mkaa hamuuwezi, toeni dagaa badala ya maharage, au wapeni maharage yaliyolowekwa tangu usiku uliopita.

Msiite watu kanisani kuchukua chakula. Foleni ya watu 200 wanaosukumana kwenye geti la kanisa ni mlipuko mwingine mnauandaa wenyewe, na aliye dhaifu zaidi hafiki kwenye foleni. Peleka mlangoni, weka chini, rudi nyuma, piga hodi. Wala msipige picha. Fedha zitoke kwenye mfuko wa dharura wenye sahihi tatu, moja ya mwanamke asiye ndugu wa kiongozi yeyote. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi kwa jumla, pasipo majina ya waliopewa.

Kwa kipindupindu kuna jambo ambalo kila mhudumu wa jumuiya alijue kwa moyo: kinywaji cha kurudisha maji mwilini. Maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vya chai, si vya kulia chakula. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Onja kabla ya kumpa, isiwe na chumvi kuliko machozi. Ikipita saa 24, mwaga. Pakiti za ORS za zahanati ni bora zaidi, kwa hiyo kila jumuiya iwe nazo kumi kwenye kopo kavu. Mgonjwa aanze kunywa hapohapo nyumbani na aendelee kunywa njiani. Kipindupindu kikali kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache, na wapo wanaokufa wakisubiri usafiri. Gari la kanisa lipangiwe dereva wa usiku, ndoo yenye kifuniko na turubai la plastiki la kutandika kwenye kiti.

Nikae tena hapa, kwenye mazishi. Katika milipuko ya Ebola, msiba ndio uliobeba maambukizi mengi, kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi, na sisi tunauosha, tunauvika, tunaukumbatia. Mwaka 2014 huko Afrika Magharibi timu za kwanza za mazishi zilifika na suti zao nyeupe, zikafunga maiti kwenye mfuko, zikaondoka. Familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Caritas na Islamic Relief miongoni mwa wengine. Walichojifunza ni kwamba familia ikipewa nafasi yake, haikatai.

Kwa hiyo kiongozi wa dini afike kabla ya timu. Akae na wazee wa ukoo awaulize ni mambo gani hawawezi kuyaacha. Mengi yanawezekana: familia kuchagua mahali pa kaburi na kulichimba, nguo au Biblia ya marehemu kuwekwa ndani ya jeneza na timu, ndugu mmoja kushuhudia kila hatua, sala kusomwa kwa sauti kutoka mbali, familia kutupa udongo wa kwanza, msalaba wenye jina kamili. Kisichowezekana ni kuosha, kugusa na kubusu. Timu ivae suti mbele ya watu, si nyuma ya gari, ili waonekane ni binadamu wenye majina yao. Na mchungaji asiyejua la kusema asiseme ni adhabu ya dhambi. Neno hilo moja humfanya mgonjwa anayefuata ajifiche.

Kwa kipindupindu mazishi yafanyike mapema, walioshika maiti wasipike, na pasiwe na chakula msibani. Najua mtaitwa wachoyo. Tangazo litoke kwa mchungaji siku ya msiba, lisiachiwe wafiwa, ili lawama zije kwake.

Niseme la mimbari. Mwaka 2011 maelfu walisafiri kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilichodaiwa kuponya magonjwa sugu, baadhi wakitolewa vitandani hospitalini, na wapo waliofia kwenye foleni. Mwaka 2020 ilikuwa nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, na wapo waliounguzwa na maji ya moto, au watu kumi wakajifunika turubai moja kujifukizia ugonjwa unaopita kwenye pumzi. Hatuwaambii msiombee wagonjwa. Yakobo anaagiza wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, nasi tunasema waende. Lakini wasimwambie aache dawa, wasimwambie asiende hospitali, na kama ni Ebola au Marburg, wamwombee kutoka nje ya uzio. Chanjo ikifika, kiongozi achanjwe hadharani ikiwa yumo kwenye kundi linalostahili kuchanjwa. Kama ana wasiwasi, amlete mganga ajibu maswali mbele ya watu. Kunyamaza nako husikika kama jibu.

Kisha kuna wale wanaokufa kwa mengine. Congo, wakati Ebola ya Beni na Butembo ya 2018 hadi 2020 ikiua watu 2,287 na kutazamwa na dunia nzima, surua iliua zaidi ya 6,000 nchini humohumo, wengi wao watoto. Mlipuko ukiwepo, mama huogopa kliniki, chanjo za watoto zinarukwa, mgonjwa wa kifua kikuu anakosa vidonge. Hapo ndipo zile safu za tarehe kwenye daftari zinapofanya kazi: mhudumu apige simu siku mbili kabla, na ikibidi dawa ziletwe na mtu mmoja kwa jumuiya nzima, kwa makubaliano na kliniki, kila bahasha ikiwa imefungwa. Mkipita uani sikilizeni pia nyumba zenye kelele. Watu wakifungiwa pamoja bila kipato, kipigo huongezeka. Namba ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116, Tanzania na Kenya. Iandikwe kwenye karatasi ileile ya ugonjwa, isije ikawa kijikaratasi cha peke yake ambacho anayewapiga wenzake nyumbani atakichana.

Mlipuko wa Ebola au Marburg hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Kabla ya hapo msirudishe kukumbatiana kwa sababu tu wiki mbili zimetulia. Aliyepona apokelewe kanisani na kiongozi mwenyewe, akae benchi la kawaida, na mwajiri wake apigiwe simu. Ibada za kumbukumbu zilizoahirishwa zipangiwe tarehe moja kwa jumuiya nzima, uwanjani, majina yote yasomwe, ya Wakristo na ya majirani. Yatima waliobaki wahamishiwe kwenye daftari la ada za shule. Vibuyu chirizi viachwe vilipo. Jiki iliyobaki stoo tumieni kusafishia vyoo vya kanisa ndani ya miezi michache. Msiihifadhi kwa ajili ya mlipuko mwingine, kwa sababu inapoteza nguvu hata chupa ikiwa haijafunguliwa, na siku mtakapoihitaji itakuwa karibu sawa na maji.

Fomu za daftari ziko mezani kwa katibu. Kila usharika na kila parokia ichukue moja kwa jumuiya, na moja ya ziada kwa mtaa usio na jumuiya.